Kucheka Lafudhi ya Mwenzako: Swala la Kimaadili katika Uigizaji wa Mzee Ojwang'

Swala linaloshughulikiwa katika makala haya ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: je, ni halali kumcheka mtu kwa jinsi anavyolitamka neno? Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika kwa kirefu juu ya kejeli, tashtiti na dhihaka katika ushairi na tamthilia. Lakini wameipita kando sanaa iliyowachekesha Wakenya wengi kuliko tamthilia yoyote iliyopata kuchapishwa, nayo ni sanaa ya vichekesho vya redio na televisheni. Sababu moja ni kwamba vichekesho hivyo havina matini iliyopigwa chapa, na mhakiki aliyezoea kitabu huhisi mikono mitupu pasipo kurasa. Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni dhana kwamba kinachochekesha hakina uzito wa kufikiriwa. Dhana hiyo haisimami. Kicheko ni tendo, na kama matendo mengine kina anayekitenda na anayetendwa.

Mfano tutakaoutumia ni wa Benson Wanjau. Wengi wa waliomtazama kwa zaidi ya miongo mitatu hawakulijua jina hilo, kwani walimjua kwa jina la Mzee Ojwang' Hatari. Alifahamika kwanza katika siku za Sauti ya Kenya, kituo ambacho mwaka 1989 kiligeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Jina lake likakomaa katika kipindi cha Vitimbi, alikoigiza kama mume wa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Kabla yake walikuwapo wachekeshaji wengine waliojulikana nchi nzima, kama vile Kipanga Athumani na Mzee Pembe, wala hakuanzia jangwani. Lakini hadi mwaka 1990, kilipoanzishwa kituo cha KTN, Kenya ilikuwa na televisheni moja tu, ya serikali. Kwa hiyo Ojwang' alikuwa na bahati, au mzigo, ya kutazamwa na nchi nzima kwa wakati mmoja, bila mshindani. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi.

Ojwang' ni jina la Kijaluo. Wanjau alikuwa Mgikuyu. Alichokifanya, kwa ufundi ambao sijapata kumwona mwigizaji mwingine wa Kenya akiufikia, ni kusema Kiswahili kama kinavyodhaniwa kusemwa na Mjaluo wa makamo aliyetoka kando ya ziwa na hakupita shule nyingi. Dholuo haina sauti ya "sh" wala ya "z". Kwa hiyo "shilingi" huwa "silingi", "shamba" huwa "samba", na "mzee" huwa "msee". Lakini mabadiliko ya sauti yalikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yake, na mwigizaji mchanga yeyote anaweza kuyaiga. Ufundi wake ulikuwa katika mkokoto wa sentensi, ile pumzi inayovutwa kabla ya neno la mwisho, na namna sauti ilivyopanda ghafula mahali ambapo msemaji wa pwani angeishusha. Yafaa kukumbuka pia kwamba Wanjau hakuitoka lugha isiyochekwa. Mgikuyu naye hana "l", na "kulala" kwake kuwa "kurara" ni mzaha uliochakaa Kenya nzima. Mtu aliyeweza kuchekwa kwa lafudhi yake mwenyewe aliiweka kando akavaa ya jirani.

Hapa ndipo swala linapoanza kuuma, na mahali pazuri pa kulipimia ni Mombasa. Sisi wa huku hujiona hatumo kabisa katika mchezo huu. Hujiona kuwa ndio mizani. Chukua Kibarani, penye mlango wa kisiwa kando ya daraja la Makupa, mahali palipojulikana kwa miaka mingi kwa jaa la taka la mji kabla jaa hilo halijafungwa na kupandwa miti. Ukisimama hapo asubuhi utasikia Kiswahili cha bandari na reli: cha Mjaluo, cha Mluhya, cha Mkamba, cha Mgiriama, cha Mtaita, vyote vikielewana na vyote vikifanya kazi. Ukiingia kisiwani hadi Mji wa Kale utasikia Kimvita. Mtazamaji wa Mji wa Kale alimcheka Ojwang' akiwa juu, kama mwenye nyumba anayemcheka mgeni aliyejikwaa kizingitini. Mtazamaji wa Kibarani alimcheka akiwa sawa naye, au chini yake kidogo, maana asubuhi ya pili angeyasema maneno yale yale kwa msimamizi wake, na bila kukusudia kumchekesha mtu. Kipindi ni kimoja na sentensi ni moja, lakini vicheko ni viwili visivyofanana.

Kile kiti cha juu nacho kina mguu mbovu. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza walikutana hapa hapa Mombasa wakaamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, wala si juu ya Kimvita, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia usanifishaji huo. Tangu hapo mtoto wa Mvita anayeandika "mato" badala ya "macho", "ndia" badala ya "njia", au "ndoo" badala ya "njoo", hupigiwa mstari mwekundu sawasawa na mtoto wa Siaya anayeandika "sida". Tena kwa wazee wetu kucheka ni "kuteka", kwa t ya meno, neno ambalo msomaji wa kamusi sanifu huliona likamwendea akilini kisimani au vitani. Kwa hiyo anayecheka lafudhi kutoka Mji wa Kale anacheka kwa idhini ya sheria ambayo yeye mwenyewe aliishindwa kesi yake.

Wanafalsafa wa Ulaya wamelisogelea swala hili kwa njia mbalimbali. Platoni, katika mazungumzo yanayoitwa Filebo, alikiona kicheko cha tamthilia kuwa ni raha iliyochanganyika na uovu: tunafurahia ujinga wa mwenzetu juu ya nafsi yake, hasa akiwa mnyonge asiyeweza kulipiza. Thomas Hobbes katika karne ya 17 alikiita fahari ya ghafula, mtu anapojiona bora kuliko mwingine. Aristotle alikuwa mpole zaidi. Kwake kinachochekesha ni kasoro isiyoumiza wala kuangamiza. Henri Bergson naye, katika kitabu chake cha mwaka 1900 juu ya kicheko, alisema kwamba kicheko hudai moyo ufe ganzi kidogo, na kwamba ni adhabu ya jamii kwa mtu aliyekakamaa akawa kama mashine.

Nadharia ya Bergson inafaa sana kumweleza Ojwang' kama mhusika, maana Ojwang' ni mtu aliyekakamaa. Ni mbishi, mwenye kujidai, asiyebadili nia hata ukweli ukimgonga kwenye paji la uso. Lakini nadharia hiyo inashindwa kabisa kueleza lafudhi. Lafudhi si ukakamavu ambao jamii inaweza kumwadhibu mtu hadi auache. Ulimi wa mtu umefinyangwa na lugha ya mama yake kabla hajajua kwamba kuna lugha nyingine. Ukimcheka mbishi, huenda akapunguza ubishi. Ukimcheka mtu kwa "silingi", atanyamaza tu. Hilo silitoi katika kitabu. Nimewafundisha wanafunzi ambao sarufi yao ni safi kuliko ya wengi waliozaliwa Mvita, wanaoweza kuchambua mizani na vina vya utenzi hadi silabi ya mwisho, lakini hawathubutu kuusoma utenzi huo kwa sauti mbele ya wenzao. Kwa hao, kipimo cha Aristotle kimevukwa: kasoro imeumiza. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya. Raia anayeona haya kukisema mbele ya watu amenyimwa kitu ambacho Katiba inasema ni chake.

Je, basi Wanjau alikuwa na hatia? Sidhani, na sababu zangu hazitoki kwa Platoni wala Bergson bali katika utani.

Utani unafahamika vyema kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, ingawa mara nyingi hufundishwa kama utanzu mdogo wa kuchangamsha. Kumbe ni sheria. Mngoni na Mnyamwezi, Mzaramo na Msukuma, babu na mjukuu, wanaruhusiwa kutukanana kwa maneno ambayo yakitoka kwa mwingine yangeleta ngumi. Ruhusa hiyo haitolewi bure. Mtani huwa na wajibu, na wajibu huo huonekana zaidi msibani: ndiye anayefika, anayeshika kazi ambazo jamaa wa marehemu hawana nguvu ya kuzishika, na ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu mbele ya waliao. Tena utani huenda pande mbili. Anayetania leo hutaniwa kesho. Hata kejeli za washairi wa Mombasa, kama zile zilizorushiana Muyaka bin Haji na wenzake wa Lamu katika karne ya 19, zilikuwa na masharti ya namna hii, kwa maana aliyerusha alijua atarushiwa, na kwa bahari ile ile.

Tukiutumia utani kama kipimo, maswali yanabadilika. Hatuulizi tena kama lafudhi imechekwa. Tunauliza kama anayechekwa amepewa nafasi ya kujibu, kama amepewa akili ndani ya mchezo, na kama anayecheka anabeba chochote.

Kwa maswali hayo mawili ya kwanza Vitimbi inasimama vizuri kuliko inavyodhaniwa. Ojwang' hashindwi kwa sababu ya ulimi wake. Hushindwa kwa sababu ya ubahili, majivuno na haraka ya kuamuru, na anayemshinda ni mkewe, ambaye naye Kiswahili chake si cha Mji wa Kale. Katika nyumba ile hakuna mwenye Kiswahili sanifu anayekaa kando akitabasamu. Kila mtu ana lafudhi, kwa hiyo lafudhi inakoma kuwa kosa na kuwa sauti ya mtu tu, kama ilivyo sauti nene au nyembamba. Baada ya muda mtazamaji makini huacha kulicheka neno "msee" na kuanza kulicheka wazo lililo nyuma yake, maana Ojwang' ana mantiki yake, iliyopinda lakini imara, na huifuata hadi mwisho wake mchungu. Mwandishi wa tamthilia angejivunia mhusika wa namna hiyo.

Linganisha na Vioja Mahakamani, kipindi kingine cha KBC kilichopendwa kwa miaka mingi, ambacho baadhi ya wachekeshaji hao hao walishiriki. Mandhari yake ni mahakama. Yupo hakimu, yupo kiongozi wa mashtaka, na kizimbani amesimama mshtakiwa mwenye lafudhi: Othorong'ong'o, aliyeigizwa na Joseph Anyona, au Makokha, au Masanduku arap Simiti, ambao majina yao tayari yanatangaza kabila kabla midomo haijafunguka. Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba mara nyingi mshtakiwa huyo huizungusha mahakama nzima kwa werevu wake, na kwamba mtazamaji yuko upande wake. Nakubali. Lakini muundo wa jukwaa una usemi wake ambao mwigizaji hawezi kuufuta. Lafudhi imewekwa kizimbani. Kiswahili kilichonyooka kimewekwa kitini. Katika mahakama za kweli za Kenya lugha ni Kiingereza na Kiswahili, na mtu wa kawaida anaposimama pale, uzito wa ushahidi wake hupimwa pamoja na ulimi wake, ijapokuwa hakuna sheria isemayo hivyo. Kichekesho kinachorudia mpangilio huo wiki baada ya wiki kinaufanya uonekane wa kawaida.

Sasa tulikabili pingamizi kubwa zaidi. Mwaka 1968 Mwingereza Peter Sellers alijipaka rangi akaigiza Mhindi katika filamu The Party, na leo Wahindi wengi wanaitazama filamu hiyo kwa uchungu, hata wale wanaokiri kwamba Sellers alikuwa bingwa. Je, Mgikuyu anayeigiza Mjaluo si yale yale? Nchini Kenya swali hilo si la darasani tu. Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga waliachana mwaka 1966. Tom Mboya aliuawa mwaka 1969. Kwa muda mrefu wa uhai wa Jamhuri, kabila moja liliketi karibu na dola na jingine likaketi mbali nayo. Katika hali hiyo, aliye karibu anapomwigiza aliye mbali, kicheko hakiwezi kudai kwamba hakijui siasa.

Wako walioandika, hasa baada ya kifo chake, kwamba Ojwang' aliliunganisha taifa: Wajaluo walimpenda wakidhani ni wao, na Wagikuyu wakajivunia walipojua kwamba ni wao. Binafsi naona maelezo hayo yanakimbilia faraja mapema mno. Watu waliokuwa wakimcheka Ojwang' pamoja mwaka 2006 ndio waliochinjana mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008. Kutomtambua mtu kabila lake si sawa na kuacha kumpima kwa kabila. Isitoshe, mchezo wenyewe ulisimama juu ya picha ya Mjaluo ambayo kila mtazamaji alikuja nayo kutoka nyumbani. Bila picha hiyo "silingi" isingechekesha mtu.

Hata hivyo lipo jambo moja katika kazi ya Wanjau ambalo halimo katika ya Sellers. Sellers alivua Uhindi wake kila jioni na kurudi kuwa Sellers, tajiri na mashuhuri kwa jina lake. Wanjau hakuvua. Aliitwa Ojwang' sokoni, akaitwa Ojwang' hospitalini, na magazeti yalipotangaza kifo chake yalilazimika kuandika majina yote mawili ili msomaji ajue ni nani aliyekufa. Katika nchi ambamo jina la mtu ndilo swali la kwanza anapoomba kazi au anaposimamishwa barabarani, kuishi nusu ya umri wako ndani ya jina la kabila jingine si kuvaa kofia ya mchezo. Kwa kipimo cha utani, huyu alikuwa amejiweka mahali pa kurushiwa mawe yale yale aliyoyarusha. Hilo halimtakasi kila mzaha aliousema, lakini linamtofautisha na anayecheka kutoka ng'ambo ya mto.

Linabaki swali la tatu, la mzigo, na hapa anayeshtakiwa si mwigizaji tena bali hadhira. Katika miaka yake ya mwisho macho yake yaliharibika, na ikabidi wananchi wachangishane ili apate matibabu. Wengi waliisifu michango ile, na waliochanga wanastahili shukrani. Lakini mchango hutolewa pale ambapo haki haikutolewa. Hakuchekesha kwa hisani, alikuwa kazini. Hadithi hiyo haikuishia Kenya pia. Jirani yetu wa Tanga, Amri Athumani, aliyejulikana kama Mzee Majuto, alianza jukwaani akiwa mtoto, akawa mchekeshaji mashuhuri kuliko wote katika filamu za Kiswahili za wakati wake, filamu zilizouzwa Mombasa kama zilivyouzwa Dar es Salaam. Yeye hakuazima lafudhi ya mtu; alichekesha kwa mwili wake, uso wake na Kiswahili chake cha Tanga, hata swala la maadili tulilolijadili hapa halimgusi. Lakini mwaka 2018, alipougua hadi kupelekwa India na hatimaye kufariki Muhimbili tarehe 8 Agosti, mazungumzo ya hadhara yalikuwa yale yale: nani aliyefaidika na kazi zake, mikataba ilisemaje, na kwa nini mtu aliyeuza vicheko vingi kiasi hicho alihitaji kuchangiwa. Swala la mikataba ya wasanii likafikishwa hadi serikalini.

Tofauti ya sanaa za wazee hawa wawili, mmoja mwenye lafudhi ya kuazima na mwingine mwenye yake, haikuleta tofauti yoyote katika malipo. Hapo ndipo utani wetu wa kisasa unapokuwa na upungufu: tumeichukua ruhusa ya kucheka tukauacha wajibu. Mtani wa jadi alijua kaburi atakalolichimba.

Kazi iliyo mbele ya idara kama hizi zetu ni ya kanda. Vipindi vya Vitimbi na vya Vioja Mahakamani vinapaswa kutafutwa, kunukuliwa neno kwa neno pamoja na matamshi yake, na kuwekwa mahali ambapo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuvisoma kama anavyosoma tamthilia. Anayenukuu atakutana na uamuzi tangu mstari wa kwanza: aandike "shilingi" kama lilivyo katika kamusi, au "silingi" kama lilivyosemwa. Akisanifisha, amemnyamazisha Ojwang'. Akiandika kama ilivyosemwa, amempa kila msomaji wa Mji wa Kale nafasi ya kucheka upya. Mimi ningeandika kama ilivyosemwa, kisha ningemwomba mwanafunzi anayetoka Siaya au Homa Bay ausome ukurasa huo kwa sauti, aseme ni wapi Wanjau alipatia na ni wapi alikosea.